Mrija wa Protasi

Miaka saba hakuna aliyechomeka mrija kwenye chungu cha Felisita. Hapo Bisibo pombe ya mtama watu huizunguka, kila mmoja na mrija wake, chungu kimoja. Yeye alipika, akaketi, akavuta peke yake mpaka ikachacha.

Aliyeanza kumtenga ni Protasi, jirani wa juu mlimani. Mbuzi wake wawili walikunywa kisimani kwa Felisita, wakatetemeka siku kadhaa, wakafa. Misa ilipoisha akasimama mlangoni mwa kanisa: "Yule mama ana mkono mbaya, kaniroga mbuzi wangu!" Mdomo huo! Juu ya kisima kuna nini kama si karasha lake mwenyewe, anaposaga mawe ya dhahabu na kuyaosha kwa zebaki, maji machafu yakishuka bondeni? Felisita aliyasema hayo. Mjane nani amsikilize.

Mwaka huu akaja Uwimana, binti wa maabara, kupima visima.

"Shikamoo bibi. Maji yako yana zebaki."

"Marahaba. Waambie wao. Mimi nilijua kabla hujaota meno."

Binti akamfundisha kuchoma magunzi ya mahindi kwenye pipa lililozibwa, yawe mkaa, yasiwe jivu. Kisha mkaa uloweshwe maji ya chumvi ya chuma, ukauke, uchomwe tena. Huo ukijazwa kwenye chujio la kisima ndio unaoshika zebaki maji yakipita. Felisita akaona mzunguko mrefu, akajaza mkaa wa jikoni. Kipimo kikamuumbua. Akautukana mkaa, akalitukana pipa, akaanza upya. Mwezi mzima aligombana na moto, maana mwingine wa kugombana naye hakuwepo.

Siku ya kipimo cha pili alipika pombe, akaweka chungu kando ya kisima. Watu walijaa na madumu yao. Uwimana akasema wote wasikie: maji yaliyopita kwenye mkaa ni safi, na sumu inatoka kwenye karasha.

Protasi akasogea, mrija mkononi. "Mama, nilikusingizia."

"Paza sauti. Kanisani hukunong'ona."

"Nilikusingizia! Sumu ilikuwa yangu!"

Felisita akamnyang'anya mrija, akauvunja vipande viwili, akautupa kwenye pipa la magunzi.

"Nao uwe mkaa. Angalau usafishe kitu."

Akaketi kando ya chungu chake, akavuta. Watu wakasimama wakingoja kuitwa. Hakumwita mtu.