Nani Apande Pilipili

Siku ile ya pilipili naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku niliyovaa joho la chuo kikuu, kwa sababu siku ya joho sikulia. Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka michache tu. Mimi ni mdogo wa mama yako, na mama mdogo ni mama, usinibishie. Umenipigia simu kutoka kwa wakwe zako huko Horohoro, unauliza upande nini kwenye kile kiwanja cha nyuma kabla masika hayajaingia. Swali ni la bustani, lakini nitalijibu kwa kuzunguka kidogo.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nimerudi Tongoni kwa Bibi na shahada ya biolojia na ulimi mrefu. Hakuna nililoambiwa nikakubali. Nikiambiwa nisinyooshee boga changa kidole litaoza, nalinyooshea vidole vyote vya mikono miwili, kisha nakaa kulisubiri. Likioza nasema ni inzi. Bibi alikuwa akinitazama kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani ndani ya shamba lake.

Kila mwaka, mvua ikikaribia, Bibi alikuwa akitukalisha uani kugawana mimea. Mwaka ule tulikuwa Bibi, mama yangu, Mama Mkubwa Fatuma, mimi, na mtu mpya: Zainabu, mke wa Mjomba Salehe. Ndiyo, huyo huyo Bi Zainabu unayemjua wewe. Wakati huo hina ya harusi ilikuwa haijamtoka vidoleni. Alikuwa ameletwa kutoka Pemba, na mumewe alikuwa akifanya kazi mjini, anarudi Ijumaa tu. Siku nyingine zote Zainabu alikuwa wetu.

Mama Mkubwa hakuitaka ndoa ile. Alikuwa amesikia, sijui kwa nani, kwamba binti ni mkali, na kila asubuhi alikuwa akiutafuta huo ukali kama mtu aliyeangusha hereni. Angeupata, angempelekea kaka yake Ijumaa hiyo hiyo. Zainabu alilijua hilo. Alitabasamu tangu alfajiri mpaka anaingia kulala, na nadhani mashavu yalimuuma.

Mchicha ukapata mwenyewe, bamia zikapata mwenyewe, mabiringanya, mrehani, mchaichai. Ikafika zamu ya pilipili mbuzi, hakuna aliyenyoosha mkono.

Unajua wanavyosema kwetu: pilipili hupandwa na mwenye hasira, la sivyo haiwashi. Miaka yote alipanda Babu, aliyeweza kugombana hata na redio, na pilipili zake watu walizifuata kutoka mitaa ya mbali. Babu alikuwa ameshafariki. Sasa kila mtu alitaka pilipili kwenye wali wake, na hakuna aliyetaka kuitwa mpandaji.

Mama akasema yeye siku hizi amepoa sana. Mama Mkubwa akasema hajui hata hasira inaanzia wapi, nasi tukaangalia chini. Kisha akageuza macho polepole mpaka kwa Zainabu.

“Kwa nini tusimpe bibi harusi?” akasema kwa sauti ya asali. “Wifi yangu naye apate nafasi.”

Zainabu aliendelea kutabasamu, lakini mkono uliokuwa ukipepeta mchele ulisimama.

Hapo ndipo nikaingia mimi na sayansi yangu. Nikasema hayo ya hasira ni maneno tu, na yanaweza kupimwa. Kila mtu apande mbegu za Babu zile zile kwenye debe lake, tusubiri, kisha kila mmoja aonje za kwake mbele ya wenzake. Bibi akaniuliza: ikionekana moja kali kuliko zote, mwenye nayo nitamfanya nini? Nikajibu kwamba hatutamfanya kitu, tutakuwa tumejua tu. Nililipenda sana jibu langu.

Madebe yakapangwa. La Bibi likakaa kivulini barazani, la Mama na la Mama Mkubwa karibu na tangi la maji, langu karibu na hayo. La Zainabu lilikosa nafasi, likawekwa nyuma ya jiko, chini ya ukuta wa bati, ambako jua likipiga hata paka hapiti.

Sijawahi kuishi kwenye nyumba yenye adabu kama ile ya msimu ule. Kila mtu aliogopa kuiharibia pilipili yake. Mama Mkubwa alikuwa akiuimbia mche wake kaswida. Muuza samaki akimletea changu wa jana, alikuwa akimshika mkono, anamtoa hadi barabarani, anamtukania huko, kisha anarudi uani anauliza kwa upole nani anataka chai. Majirani wakadhani tunasomewa dua.

Zilipoiva, Bibi akachagua Ijumaa baada ya sala. Mjomba Salehe alikuwapo, ametandikiwa mkeka mbele ya wali wa nazi na changu wa kuchoma, hajui aliletwa kuwa shahidi. Kila mwanamke akashika pilipili yake.

Mama Mkubwa akang’ata kwanza. Shingo ikamsimama. Machozi yakamtoka jicho moja, halafu jicho la pili likaona aibu kubaki nyuma.

“Tamu,” akasema. “Kama tango.”

Mama akang’ata yake, akasema hata hajaisikia, na kwikwi ikamshika pale pale. Bibi akatafuna yake taratibu akiangalia angani, kama anayetafuta dalili ya mvua. Kisha mimi. Mimi mpimaji, niliyekula kiapo cha ukweli kuliko wote. Midomo ilikuwa imekufa ganzi yote, machozi yananitiririka, lakini nikajisikia nikitamka, “Ya kawaida.”

Ikabaki ya Zainabu. Mama Mkubwa, na machozi yake yote, akasogea mbele kwenye mkeka asikose kitu. Mjomba akaacha kula. Zainabu akang’ata. Uso ukawa mwekundu kama kanga mpya. Nilimwona anatafuta lile tabasamu lake na halionekani.

“Kali,” akasema. “Wallahi hii ni kali, haisemeki.” Akamgeukia Mama Mkubwa, akanyoosha mkono. “Wifi, nipe kipande cha tango lako nipoze ulimi.”

Mama Mkubwa angefanyaje? Pilipili haipokezwi mkono kwa mkono, isije ikaleta ugomvi, kwa hiyo akaiweka juu ya mkeka katikati yao, polepole, kama anayesalimisha silaha. Zainabu akaiokota, akaing’ata, akaanza kukohoa mpaka ushungi ukamwanguka. Mjomba akacheka, kisha Mama na kwikwi zake, kisha Bibi, na mwisho Mama Mkubwa mwenyewe, akijifuta macho kwa upindo wa kanga na kuomba maji kwa ishara.

Tulipotulia, Bibi akaonja na ya Zainabu, kisha akaniuliza kwa nini ilizidi zote. Nikaeleza kwa furaha: jua la bati na kiu, mche ukiteswa pilipili huwasha zaidi. Akaniuliza kama nililijua hilo siku ya kupanga madebe. Nikasema ndiyo.

“Basi ulijua nani atashindwa, ukakaa kuangalia,” akasema. “Uliza utakavyo, mjukuu wangu, lakini kwanza hamisha debe.”

Kisha akatoa hukumu. “Pilipili za nyumba hii atapanda Zainabu. Hasira zake sizijui. Ninalojua ni kwamba nikimuuliza inawasha au haiwashi, ataniambia.”

Mpaka leo, mwanangu, sijaamini kwamba hasira inaingia kwenye pilipili. Maboga bado nayanyooshea vidole. Lakini ninakushauri hivi. Panda mchicha kwa sababu utaliwa kesho, na bamia kama mumeo anazila, maana wengine huzipanda ili wapendwe na majirani tu. Mrehani usikose. Wakwe wakianza kuulizana nani apande pilipili, usijifiche nyuma ya tabasamu, sema utapanda wewe. Ikiwasha, sema inawasha, hata kama wote mkekani wanalia na kusema ni tango. Na siku ukiwa wewe ndiye mwenyeji, akaja mgeni, angalia debe lake limewekwa wapi kabla hujamhukumu kwa matunda yake.

Mungu akupe mvua isiyozoa mbegu, na wifi ambaye siku moja mtacheka naye mpaka mkose maji. Amina. Mbegu nitakutumia kwa dereva wa basi. Ni za Zainabu.