Vilima Nyuma ya Maneno

Siku niliyosahihishwa na Mama Karim, mwanangu, naikumbuka kama ya juzi. Nilikuwa bibi maendeleo pale Segese, bado msichana, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Akina mama wetu walichota maji kwenye madimbwi, wakiyagombania na ng'ombe. Wilayani kulikuwa na kisima kimoja cha pampu cha kutolewa, na vijiji kadhaa vilikitaka. Nikaagizwa nikakisemee kijiji chetu kwenye mkutano wa wilaya.

Mama Karim na mumewe, Wahindi wazaliwa wa Shinyanga mjini, walikuwa na duka la vifaa vya ofisi lenye kompyuta. Akaniruhusu niitumie. Ujana, mwanangu! Kila slaidi niliijaza maua, nyota na mistari ya kila rangi, kisha maneno juu yake. Nikamwita aone, nikitaraji sifa.

Akavaa miwani, akainama. "Binti, kisima kiko wapi hapa?"

"Kimeandikwa, mama. Hapo katikati ya maua."

"Mimi naona harusi. Ngoma ikilia sana hupasuka. Futa."

Nilitaka kulia, ila nikafuta. Akaketi kando yangu. Akanichoresha mstatili mkubwa wa samawati hafifu, ukajaa kote: mbingu. Juu yake duara pana la kijivu, nusu yake imezama chini: kilima. Mbele yake duara jingine, la kahawia. Mwisho, chini kabisa, ukanda wa udongo mweusi.

"Cha mbali kififie, cha karibu kikolee," alisema. "Na hapa juu usipaguse. Maneno nayo yanahitaji kiti."

Yalikuwa maumbo ya mtoto wa chekechea, lakini niliiona nchi yetu ikienda mbali mpaka jicho likachoka. Tukachapa kwenye karatasi angavu za plastiki, zile za kumulikwa ukutani.

Mkutanoni nilifuatana na Mama Kulwa, jirani yangu, ambaye hakuwahi kusema mbele ya wakubwa. Ukuta ulipowaka kwa vile vilima na neno moja tu, "Maji", kabla sijafungua kinywa akasimama.

"Njia yetu ndiyo hiyo! Ukivuka kilima cha mbele unadhani umefika, kumbe maji yako nyuma ya kile kingine. Mapacha wangu, Kulwa na Doto, nimewazalia hapo katikati, ndoo pembeni."

"Kaa, mama," mwenyekiti akasema taratibu. "Tumekusikia."

Nami nikaketi. Kiangazi kilichofuata kisima kikachimbwa kwetu. Mama Kulwa alipojaza ndoo yake alinishika mkono: "Wabeja, mayu." Asante ile ya Kisukuma bado inanishibisha.

Basi, mwanangu, wewe unayetengeneza slaidi kwenye simu, anza na umbo kubwa, tulivu. Panga mengine juu yake moja moja, na pakishapendeza, ondoa mkono. Mandhari ibebe ujumbe, isigombane nao. Na kazi yoyote uifanyayo, waachie wengine pa kuingilia. Huenda mwenye neno zito ameketi nyuma yako. Mungu akupe jicho pevu na mkono wenye kiasi, na kazi yako iwanyweshe wenye kiu.