Kusubiri Programu ya Bure Ihumwa

Darasa la nne sikumaliza. Karakana yangu ya useremala hapa Ihumwa niliianza na msumeno wa kuazima, na leo nina mashine ya kupiga randa. Kuomba sikuzoea. Watu wakipanga foleni ya kofia za bure nilikuwa nawacheka waziwazi.

Ndipo akaja mama mmoja, mtumishi wa serikali, anajenga huku kwetu. Alitaka makabati ya jiko, kazi ya kutulisha kiangazi kizima.

"Shikamoo mzee. Kabla hujakata mbao nataka nione jiko langu kwenye picha. Mafundi wa mjini wanaonyesha."

"Marahaba. Utaliona likiisha."

Hakucheka. Alisema atarudi Jumatatu.

Binti yangu, katoka chuo juzi, akaniambia kuna kampuni inagawa bure programu ya kuchorea samani kwenye kompyuta. Sharti ni watu thelathini wabonyeze tangazo lao kupitia kwako. Marafiki zake walibonyeza, hawakutosha.

"Waliobaki ni wako, baba."

"Niende kuwaomba?"

"Sasa nani mwingine anajulikana Ihumwa nzima?"

Mjanja huyo. Nikazunguka naye kwa mama wa vitumbua, kwa mafundi pikipiki, kwa wanakwaya baada ya ibada. Wa mwisho alikuwa jirani yangu mwenye mashine ya kusaga, mtu ambaye mdomo wake haukauki.

"Ee! Leo na wewe unaomba?" alisema akipangusa unga kwenye simu yake. "Ngoja niite wateja waone."

"Bonyeza uache kelele."

"Sema tafadhali."

Nikasema. Akabonyeza, na bado akacheka.

Ukaingia ujumbe: hongera, zawadi yako inakuja. Haukusema lini. Mimi najua zawadi huletwa na mtu. Nikafagia karakana, nikatoa nje kiti kizuri, nikaahirisha kwenda Chamwino kufunga milango, mgeni asije akanikosa. Binti alicheka mpaka akakaa chini.

"Inakuja kwa mtandao, baba!"

Sikuona cha kuchekesha. Kiti nikakiacha palepale.

Jumatatu akakikalia yule mama.

"Picha ipo, mzee?"

"Haijaja. Programu tumeahidiwa, tunaisubiri."

Alitazama milango niliyoiegesha ukutani, akapitisha kidole kwenye maungio. "Kazi yako nzuri. Lakini siwezi kulipia jiko nisiloliona."

Kazi ikaenda mjini. Sikumfuata wala sikumlaumu.

Programu ilifika Alhamisi, tunakula ugali wa uwele kwa mlenda. Binti akanitazama. Nikamwambia anawe mikono achore.

Achore nini? Hilo halikutusumbua, maana habari zilienea na wale waliobonyeza wakaanza kuja. Walisema ile programu ni yao pia. Mama wa vitumbua alitaka kuona kabati la vyombo. Wanakwaya walitaka mabenchi. Kisha akaja wa mashine ya kusaga, anataka kitanda.

"Na mimi nimelala juu yake," akamwambia binti.

Akamchora, na tumbo lote. Jamaa aliinamia ile picha, akazihesabu mbao za kitanda kwa kidole. Halafu akauliza kama cha mninga kitachukua muda gani.

Nikachukua futi, nikaenda naye kupima chumba.