Viazi vya Sadaka

Najua wengine wenu mmekwisha kuusikia mkasa huu kwa watu wa Molo, nao huutia chumvi, basi heri aibu yangu niisimulie mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nimerudi kutoka Uganda na diploma ya kilimo (wa kwanza kwetu, na suti nimeinunua kwa jasho langu). Jumapili ya mavuno nilialikwa kanisani Molo, nikaenda mbio, kwa sababu Jumamosi iliyofuata wazee wangu walikuwa waende kuniposea Rebeka, na baba yake, Mzee Elija, alikuwa mzee wa kanisa hilohilo.

Mchungaji alisoma habari za kunajisi hekalu, kisha akaniomba mimi msomi niwaeleze watu lile neno. Nikasimama. "Kunajisi," nikasema, "ni kukitwaa kitu alichopewa Mungu na kukitumia kama kitu cha kawaida tu." Akina mama wakaitikia, "Ameni!" na hapo ningeketi, lakini ile ameni ilinipanda kichwani, macho yakaangukia viazi vya sadaka juu ya meza ya Bwana, kimoja kina doa jeusi, nikatoa kisu cha mfukoni nikasema, "Hiki kina ugonjwa, tazameni," nikakipasua papo hapo juu ya kitambaa cheupe.

Kilikuwa kizima. Doa lilikuwa udongo.

Mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikapasua cha pili, halafu cha tatu (msomi hashindwi na kiazi), mpaka kitambaa kikalowa.

"Wacha, wewe!" mama mmoja akaita. "Unatupikia?"

Kanisa zima likaangua kicheko, isipokuwa Mzee Elija, aliyeinuka polepole.

"Mwalimu, viazi hivyo nilileta mimi. Nilikuwa nimempa Mungu. Hiki ulichofanya kinaitwaje?"

Nilitazama sakafu. "Kunajisi, mzee."

"Basi umetufundisha vizuri. Waambie wazee wako Jumamosi wasije. Watakuja ukishapanda viazi vyako, ukachimba kwa mkono wako, ukavileta hapa mezani."

Nililima msimu mzima kwenye baridi ile ya Molo, wapita njia wakiniuliza kama diploma yangu haina mpini. Rebeka nilimpata (na mavuno yangu yalizidi ya baba yake, semeni mtakavyo). Lakini tangu siku ile, nikiombwa kueleza neno, nalieleza, kisha naketi.