Mkono wa Fundi Cherehani

Fundi wetu wa cherehani hapa Turwa alikuwa akijipepea kwa kipande cha boksi hata asubuhi za baridi. Kutunga uzi kwenye sindano kulimshinda: aliulamba, akausogeza, mkono ukatetemeka, akatupa sindano chini na kututukana sote tuliokaa kibarazani. Tukasema kazaliwa hivyo. Kumbe ilikuwa tezi ya shingo. Daktari alimwambia inamwaga homoni kupita kiasi, ndiyo maana moyo na akili vinakimbia bila breki, na mkono unatetemeka. Akaanza vidonge. Taratibu sauti ikashuka, boksi likabaki dirishani.

Jana Oduol wa bodaboda alirudisha suruali inayombana, akataka ishonwe upya bure, ilhali vipimo vya kuishonea alivileta mwenyewe, kwa kamba aliyoipiga mafundo. Fundi akamfokea mpaka kuku wakatawanyika.

"Kwani leo hujameza dawa?" Oduol akauliza.

Fundi akachukua sindano, akaiinua kwenye mwanga, akapitisha uzi mara moja tu, bila kuulamba.

"Umeuona mkono?" akasema, huku akicheka. "Hasira hii si ya tezi, Oduol. Hii ni yangu mwenyewe!"