Siku Niliyomfanya Baba Yangu Mfano

Baba yangu aliendesha treni kwa miaka mingi, kutoka Lubumbashi kwenda kaskazini, kule kwao, na kurudi. Mama alipofariki, alihamia kwangu, mtaa wa Makomeno, humo humo Lubumbashi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha historia na uraia, na watu wa parokia yetu wananijua kama mtu wa maneno. Ndiyo maana, wiki chache kabla ya uchaguzi wa rais, padri aliniomba nizungumze ukumbini Jumapili baada ya misa ya pili. Swali lilikuwa hili: je, umri wa mgombea uangaliwe tunapochagua kiongozi wa nchi? Mimi nilipewa kutetea kwamba uangaliwe. Wakili mmoja wa mtaa wetu angepinga.

Niliandaa maneno yangu wiki nzima, lakini wakili alinizidi mapema.

"Munapima miaka sababu hamutaki kupima kazi," alisema. "Kuko vijana benye kuiba na bazee benye kuiba. Sasa miaka inatuonyesha nini?"

Watu walipiga makofi. Niliona nashindwa, na sipendi kushindwa mbele ya wanafunzi wangu, ambao walikuwa wamejaa kwenye viti vya mbele. Hapo ndipo nilipomtoa baba kama mfano.

Miezi miwili nyuma alikuwa ametoka asubuhi kwenda kununua dawa zake za presha kwenye farmasi isiyo mbali na kwetu. Mpaka saa sita hakuwa amerudi. Nilimkuta ameketi mbele ya kinyozi, kiatu kimoja mkononi, akitazama barabara. Nilimwuliza anafanya nini. Alijibu kwamba anangojea wamfungulie njia, kana kwamba bado yuko kwenye treni. Kisha akili ilimrudia, akanitambua, akakiona kile kiatu, akakivaa haraka. Tulipokuwa tunarudi alinishika mkono.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu utoto wangu, "hii ibakie kati yetu. Usiambie muntu."

"Sitaambia, papa."

Ukumbini niliwaambia wote. Sikusema ni baba yangu. Nilisema ni mzee mmoja ninayemfahamu, aliyekuwa mashinisti wa treni. Kana kwamba Makomeno imejaa mashinisti wazee wanaoishi kwa walimu. Nilivua kiatu changu nikakishika, nikaiga sauti yake: "Niko nangojea banifungulie njia." Watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Nikawauliza, "Huyu ndiye mnayetaka kumkabidhi nchi?" Sijawahi kupigiwa makofi kama yale, kabla wala baadaye.

Nilipoinuka baada ya kuvaa kiatu, nilimwona. Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti la suti na tai. Alikuwa amesikia kwamba nitazungumza, akaja kunisikiliza bila kuniambia. Alikuwa akipiga makofi pamoja na wengine, taratibu, huku watu wa viti vya nyuma wakigeuka mmoja mmoja kumwangalia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu.

"Ulisema muzuri," alisema. "Sauti yako inafika mbali."

Nilitafuta neno la kumwomba msamaha. Nililopata ni kwamba jua lilikuwa kali.

Kuanzia wiki ile hakutoka tena bila kuniuliza. "Naweza kwenda ku misa?" "Naweza kufika pale ku kona?" Nilikuwa naitikia haraka na kuondoka, ili asinione usoni.

Siku ya uchaguzi mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nilimkuta ameketi kitandani, amevaa nguo za nyumbani. Alininyooshea kadi yake ya kupigia kura.

"Enda weye. Kama muzee hawezi kuongoza inchi, hawezi pia kuichagulia."

"Papa, sikusema vile."

"Ulisema. Mi nilikuwa pale."

Niliketi kando yake nikamwambia kwamba basi nami siendi. Tulikaa hivyo mpaka karibu adhuhuri. Mwishowe alisimama, akaomba maji ya kunawa.

"Tuende. Sitaki ukose juu yangu."

Kura zilipigwa kwenye shule moja, na mstari ulikuwa umefika barabarani, kwenye matope. Polisi alimwona baba akamwita: "Papa, pita mbele." Hakupita. Kwanza alinigeukia, akanitazama kama mwanafunzi anayengoja ruhusa. Nilimwambia apite.

Kwenye mashini ya kura alikawia. Kijana mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti, "Bazee bangebakia ku nyumba!" Mstari ukacheka. Nilikijua kile kicheko. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekitafuta siku ile. Nilitaka kumkemea, nikageukia barabara. Niliogopa kwamba yule kijana alikuwepo ukumbini na angenijibu.

Baba alitoka na wino kidoleni. Tulipokuwa peke yetu njiani, nilisema.

"Papa, unisamehe. Juu ya ile siku ya parokia."

Alitembea kwanza, akikwepa madimbwi.

"Ile ya kusema miaka iangaliwe, mi na weye tunapatana," alisema. "Unajua juu ya nini niliacha treni mbele ya wakati? Macho ilianza kupungua. Hakuna mwenye alinifukuza. Miye mwenyewe nilienda ku ofisi ya shefu, nikamwambia, siku moja nitaua bantu. Rais naye, kama anaona nguvu inaisha, aseme. Kama hasemi, mumutoshe ku kiti. Hiyo iko kweli." Alisimama. "Lakini ile ya kiatu, nilikuambia weye moja tu."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Jumapili iliyofuata, kwenye misa ya pili, nilimwomba padri dakika chache baada ya matangazo. Nilisimama mbele ya waumini nikasema kwamba yule mzee alikuwa baba yangu, na kwamba nilikuwa nimevunja ahadi niliyompa. Wakili alikuja kunishika mkono, wanawake wawili walinikumbatia, nikatoka kifua kikiwa chepesi. Baba hakuwepo; siku hizi anaenda misa ya kwanza, ambako watu wa ukumbini hawafiki. Wakati wa kula nilimsimulia.

Alimaliza tonge lake.

"Basi sasa balisikia mara mbili," alisema.

Nchi ilipata rais wake, na shuleni bado nafundisha somo la uchaguzi. Wanafunzi wakiniuliza kuhusu umri wa wagombea, nawaambia kwamba uangaliwe, kwa sababu bado naamini hivyo, na siwapi mfano wowote. Kuna mama jirani anayeuza makaa kwenye lango letu. Presha ikimpanda baba, au akijisikia vibaya kichwani, yeye ndiye anayeambiwa, si mimi. Huja kuninong'oneza nikirudi kazini. Kisha naingia ndani, namkuta baba kwenye kiti chake, namwuliza siku ilikuwaje. Ananiambia ilikuwa nzuri, nami namjibu kwamba nimefurahi.