Marejeo tisini na nne yaliyovurugwa kwa heshima

Ijumaa, saa tatu kasorobo asubuhi. Baridi ya kiangazi bado haijaondoka Kasulu, na watu wanapita barabarani wamekunja mikono kwapani. Ndani ya steshenari moja jirani na stendi, Theodosia Ndayisenga ameshika kichwa kwa mikono miwili, anaitazama kompyuta yake kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Mwakeye, Daktari," anasema hatimaye. Ni salamu ya asubuhi ya Kiha, ila leo haina uchangamfu wowote. "Sasa nieleze taratibu. Humu ndani umefanya nini?"

Aliyeketi mbele yake ni Pasikali Niyubahwe, tabibu wa zahanati moja ya kijijini huko Kibondo, mwenye umri wa miaka 51. Amepanda basi la kwanza, ripoti yake ya utafiti ikiwa kwenye fleshi mfukoni. Leo saa kumi jioni mfumo wa chuo anakosomea shahada kwa masafa utafungwa. Ameshaongezewa muda mara mbili. Asipowasilisha, jina lake linaondolewa, na miaka minne ya kusoma huku akihudumia wagonjwa inakwenda na maji.

"Nimerekebisha kidogo tu, dada," anajibu kwa upole. "Nimewapanga watu kwa heshima zao."

Theodosia anafumba macho. "Heshima! Mungu wangu, heshima!"

Kazi ya Theodosia, 38, haina jina rasmi mjini hapa. Wengine humwita madamu wa marejeo, wengine husema tu "yule dada anayetafuta makala kwenye kompyuta". Wateja wake ni walimu, wauguzi, mabwana shamba na wachungaji wanaojiendeleza kimasomo wakiwa kazini. Yeye huwatafutia tafiti za kisayansi mtandaoni, huzihifadhi kwenye programu maalumu ya kutunza marejeo, kisha huiunganisha programu hiyo na maandishi ya mteja. Ukitaja utafiti wa mtu, programu inaweka namba palepale kwenye sentensi, na mwisho wa ripoti inajipangia yenyewe orodha ya kazi zote kwa kufuata namba hizo.

"Ni kitu chepesi kabisa," anasema. "Kigumu humu ni binadamu."

Alizaliwa kijiji kimoja nje ya mji, kwa wazazi waliovuka kutoka Burundi mwaka 1972 na baadaye wakapata uraia. Mama yake aliuza mawese ili asome. Alipata astashahada ya ukutubi, akafanya kazi ya mkataba miaka saba katika maktaba ya chuo kimoja, akipanga vitabu na kufuta vumbi. Mkataba ulipokwisha haukuongezwa. Ndipo akaomba kona ya meza katika steshenari hii, na sasa ni mwaka wa sita.

Kwa ripoti nzima hutoza shilingi elfu arobaini. Mwezi mzuri hupata wateja kumi na wawili, mwezi mbaya hupata watatu na wote wanataka kupunguziwa. Bando la intaneti analipa mwenyewe. Wengine huja na orodha za Kifaransa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na hao anawasifu, maana huwa wamesoma walichokitaja.

Wanaomkera ni wale wanaokuja na orodha walizotungiwa na akili bandia kwenye simu. Mwaka jana mwalimu mmoja alimletea marejeo thelathini yaliyonyooka kweli kweli, yana majina, miaka, hata kurasa. Theodosia akatafuta moja baada ya jingine kwa siku mbili. Kumi na tisa hayakuwapo popote duniani.

"Nikamuuliza, mwalimu, hizi makala umezisoma? Akaniambia simu ndiyo imezisoma!" Anapiga makofi mara moja kwa mshangao uleule. "Simu! Jamani, siku hizi hata uongo mtu hautungi mwenyewe?"

Pasikali hakuwa mtu wa namna hiyo, na ndiyo maana leo hasira imemkaba Theodosia zaidi. Utafiti wa tabibu huyo unauliza kwa nini wajawazito wa vijijini Kibondo wanachelewa kuanza kliniki. Alihoji kina mama arobaini, mmoja mmoja, akitembea kwa pikipiki siku zake za mapumziko. Wiki tatu zilizopita Theodosia alimkabidhi ripoti ikiwa na marejeo tisini na nne, yote hai, yote mahali pake.

Tabibu akaenda nayo nyumbani, akaisoma orodha, na roho ikamchafuka. Msimamizi wake, Dkt. Shamsi Zuberi, alikuwa wa tisini na moja.

"Mtu aliyenishika mkono miaka yote hii!" anaeleza Pasikali, na uchungu bado unasikika. "Nimweke nyuma huko, chini ya vijana ambao hata hawanijui? Mkubwa akija kwako unampa kigoda cha mlangoni?"

Akamvuta Dkt. Zuberi mpaka namba moja. Programu ikamrudisha tisini na moja. Akamvuta tena, ikamrudisha tena. Mara ya tatu tabibu wa watu akakasirika, akaanza kuchokonoa kila kitufe, hadi akafika mahali pa kukata uhusiano kati ya ripoti na programu. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika.

"Nikabonyeza ndiyo," anasema. "Nilikuwa na uhakika kabisa."

Baada ya hapo hakuna kilichomzuia. Msimamizi wake akakaa wa kwanza. Ikafuata ripoti ya kanisa, kisha waandishi aliosikia wameshatangulia mbele ya haki, kisha maprofesa, kisha madaktari. Mtafiti mmoja wa Norwei, mwanamke ambaye kazi zake ndizo uti wa mgongo wa sura ya pili, akatupwa wa tisini na nne. Pasikali alikuwa ameiona picha yake mtandaoni, akamkadiria kuwa binti wa miaka thelathini.

Orodha ilipendeza kwa adabu, lakini namba ndani ya sentensi zilibaki zilezile za zamani. Sentensi iliyosema wajawazito wanashindwa kliniki kwa sababu ya umbali ikawa inamwelekeza msomaji kwenye makala ya kukausha mihogo. Ile ya upungufu wa damu ikampeleka kwenye ripoti ya ujenzi wa parokia. Msahihishaji yeyote angefungua mawili matatu na kusema huyu bwana ni mwongo.

Kuirudia nakala ya zamani haikuwezekana. Katika wiki hizo tatu tabibu alikuwa ameandika upya sura mbili nzima, kwa mkono wake, juu ya hiyohiyo iliyoharibika, akiweka namba za orodha yake mpya na kuhamisha aya huku na huko, hata haikujulikana tena namba ipi ni ya orodha ipi.

"Nilitamani kulia," anakiri Theodosia. "Halafu nikamtazama, kumbe yeye ndiye analia."

Akasogeza kiti chake, akampa mteja karatasi za kufutia machozi na amri moja tu: asiguse kitu. Kazi ikaanza ukurasa wa kwanza. Pasikali anasoma sentensi kwa sauti, anasema hiyo aliitoa wapi, Theodosia anaitafuta makala hiyo kwenye maktaba ya programu, anaifungua kuhakiki, kisha anaiunganisha upya.

"Wajawazito wanaoishi zaidi ya kilomita tano..."

"Nani kasema?"

"Yule dada wa Norwei. Jedwali la tatu, upande wa kulia."

Theodosia alifungua. Jedwali la tatu, upande wa kulia. Akatafuta ya pili, ya tatu, ya kumi. Kila mara mzee alitaja hadi rangi ya grafu. Alikuwa amezisoma zote tisini na nne, nyingine kwa kamusi mkononi, katika zahanati ambayo kupata mtandao lazima uende kusimama karibu na choo cha nje.

"Hapo hasira ilinipungua kidogo," anasema. "Kidogo tu, usiandike imeisha."

Saa sita umeme ukakatika. Mwenye steshenari akawasha jenereta kwa manung'uniko mengi kuhusu bei ya petroli. Wateja wa kutoa kopi walikuja na kujibiwa kwa mkato. Mwanamke mmoja aliyetaka picha za pasipoti aliambiwa arudi kesho, akaondoka akisonya. Saa nane walikuwa sura ya nne. Chakula cha mchana kilikuwa karanga za kuchemsha.

Saa tisa na dakika kumi walikwama.

Ilibaki sentensi moja katika sura ya tano. Ilisema kwamba wanawake wengi huificha mimba miezi ya mwanzo kwa hofu ya maneno ya watu, na kwa hiyo hawathubutu kuonekana njiani kwenda kliniki. Mbele yake palikuwa na namba 12, na hiyo 12, ya orodha ya zamani wala ya mpya, haikuwa na chochote kuhusu jambo hilo. Pasikali alikuna kichwa. Hakukumbuka aliisoma wapi.

Theodosia akaingia kwenye hazina za makala, akajaribu maneno haya na yale, akabadilisha mpangilio, akataja Kigoma, akataja Burundi. Zilikuja tafiti za nchi za mbali zenye desturi nyingine. Saa tisa na nusu.

"Weka yoyote, dada," Pasikali akaomba, kijasho kikimtoka katika baridi ile. "Nani atafungua hizo zote? Weka ya Dkt. Zuberi, yeye hatajikana."

"Siweki."

"Nakusihi. Miaka minne!"

"Hata ingekuwa arobaini! Daktari, nimekesha nikiwakataza watoto wa watu kufanya hivyo, leo nikufanyie wewe unayesoma mpaka jedwali la tatu? Basi futa sentensi."

"Nikifuta hiyo, sura yote imeanguka. Hiyo ndiyo niliyoambiwa na kina mama wenyewe!"

Theodosia akaacha kuandika. Akamgeukia. "Kina mama gani?"

"Wangu. Wale arobaini. Ishirini na sita walinieleza hivyohivyo."

Kwa mujibu wa Theodosia, ndipo alipopaza sauti mpaka mtu wa kopi akachungulia. "Sasa namba ya nini? Hiyo ni yako! Umeivumbua wewe, umeitembelea kwa pikipiki, halafu unatafuta mkubwa wa kukubebea? Andika: ishirini na sita kati ya arobaini walisema. Basi!"

Pasikali anasema katika kusoma kwake kote hakuwahi kufikiri kwamba jambo la kweli linaweza kusimama na jina lake peke yake. Aliiandika sentensi upya kwa vidole viwili, polepole, huku Theodosia akiuma ulimi asimharakishe.

Akauliza la mwisho. "Na Dkt. Zuberi akihoji kwa nini yuko wa tisini na moja?"

"Mwambie programu haina adabu."

Mtandao uligoma mara mbili. Ripoti iliingia kwenye mfumo wa chuo zikiwa zimebaki dakika saba kutimia saa kumi. Pasikali alisali palepale kwa sauti, na Theodosia, ambaye alikuwa bado amenuna, akaitikia amina.

Jumatatu iliyofuata simu ya Theodosia iliita kwa namba ngeni. Alikuwa Dkt. Zuberi mwenyewe, aliyepewa namba na Pasikali. "Nikajua kumeharibika," anakumbuka.

Msimamizi huyo alimwambia amechukua marejeo ishirini bila kuchagua, amefungua moja moja na kulinganisha na sentensi zake. Yote ishirini yalisema kile ambacho Pasikali alidai yanasema. Katika ripoti zote alizosahihisha mwaka huu, hakuwa ameona jambo hilo. Pasikali amefaulu. Kisha akamuuliza yeye, aliyeyapanga marejeo hayo, ana elimu gani.

"Nikamwambia astashahada. Ndipo akaniuliza: sasa unangoja nini?"

Anaposimulia hapa, Theodosia anapiga meza hadi fleshi za wateja zinaruka.

"Nangoja nini! Miaka sita nangoja wenzangu wamalize! Nimehitimisha walimu, wauguzi, wachungaji, sasa na tabibu. Kila mmoja ana tarehe yake ya mwisho, na zote nazibeba mimi kichwani. Mimi yangu iko wapi?"

Anasema alikasirika juma zima, kwanza na Dkt. Zuberi, kisha na nafsi yake. Siku ya nane alitafuta fomu ya kujiunga na stashahada ya ukutubi, akaijaza yote isipokuwa saini ya mdhamini. Ameandika jina la Pasikali, ambaye ataisaini akija kuchukua nakala za jalada gumu. Maombi yanafungwa tarehe thelathini Agosti. Kwenye kalenda ya parokia ukutani siku hiyo imezungushiwa wino mwekundu mara mbili.

Tukiwa tunaagana, mwanamume mmoja mwenye koti la ualimu anaingia akihema, fleshi mkononi.

"Madamu, niokoe. Mwisho wangu ni tarehe thelathini Agosti."

Theodosia hainui hata uso.

"Hiyo ina mwenyewe, mwalimu. Wewe maliza kabla."